Moto hauombi leseni: Kasi ya mwali ni siasa ya uhai na kifo

KILA janga la moto linapozuka nchini, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Nani alitoa leseni? Nani alifumba macho? Wazimamoto walichukua muda gani kufika? Ni maswali ya haki na hayana budi kuulizwa. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo ni nadra kulisikia katika vikao vya wabunge au katika hotuba za viongozi wanaozuru majeruhi hospitalini: moto wenyewe ulikimbia kwa kasi gani, na ni nini kilichoupa kasi hiyo?

Swali hilo si la maabara pekee. Usiku wa Februari 1, 2024, mwendo wa saa tano na nusu, lori lililosheheni gesi lililipuka katika mtaa wa Mradi, eneo la Embakasi jijini Nairobi. Watu waliuawa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, nyumba na magari yakateketea, na ghala la nguo lililokuwa karibu likageuka majivu. Muda si muda, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilitangaza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mara tatu, mnamo Machi, Juni na Julai 2023. Sababu kuu iliyotajwa ni kuwa michoro ya mradi haikutimiza umbali wa usalama unaohitajika. Mamlaka hiyo ilitaja pia msongamano wa watu katika eneo hilo.

Umbali wa usalama. Maneno hayo matatu yalipita masikioni mwa wengi kama kanuni nyingine ya ofisini, ya kutimizwa na mwenye pesa au kukwepwa na mwenye ujanja. Ukweli ni kwamba umbali huo haukubuniwa na karani aliyekosa kazi. Chimbuko lake ni hesabu ya kiasi cha gesi kinachohifadhiwa, jinsi inavyotapakaa ikivuja, joto inalotoa na kasi ya mwali wake ukishawaka. Anayeukwepa umbali huo anaweza kumhadaa afisa wa serikali, lakini hawezi kuihadaa gesi. Moto hauombi leseni wala hausomi mihuri.

KINGA MBILI, MOTO MMOJA

Wahenga wetu walinena kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Waliokuwa wakichochea moto wa kuni walijua kwamba kijinga kimoja kikiachwa peke yake huzimika, ilhali viwili vikikaribiana hupashana joto. Sayansi haipingani nao, ila inaongeza neno moja: kwa kila moto, kinga ya kwanza ni fueli na kinga ya pili ni kile kinachoiunguza fueli hiyo, ambacho wataalamu hukiita kioksidishaji. Katika maisha yetu ya kila siku, kioksidishaji ni oksijeni iliyomo hewani. Ukibadilisha kinga yoyote kati ya hizo mbili, hubadilishi joto la moto pekee, bali pia kasi yake.

Mwali wa gesi si wingu kubwa la moto kama macho yanavyotudanganya. Ni utando mwembamba, ambao unene wake haufiki hata milimita moja katika gesi nyingi, unaotenganisha mchanganyiko ambao haujaungua na hewa moto iliyokwisha kuungua. Ndani ya utando huo, fueli na oksijeni hukutana na kuachilia joto. Sehemu ya joto hilo huenda mbele na kuupasha mchanganyiko ulio jirani, nao ukishika moto huupasha ule unaofuata, mithili ya habari ya msiba inavyopita kutoka boma hadi boma. Mwendo wa utando huo unapoingia katika mchanganyiko uliotulia ndio unaoitwa kasi ya kuungua.

Mnamo 1883, Wafaransa wawili, Ernest Mallard na Henry Le Chatelier, walieleza kanuni yake ya msingi. Wataalamu waliowafuata waliiboresha, lakini kiini chake kingali kile kile. Kasi ya mwali hutegemea mambo mawili: jinsi joto linavyosambaa upesi kuelekea mbele, na jinsi fueli na oksijeni zinavyoungana upesi zikishapata joto. Gesi inayopitisha joto vizuri na kuungana na oksijeni kwa pupa hukimbia. Ile nzito na iliyo goigoi hutambaa.

FUELI HAZILINGANI

Tuzitazame takwimu. Katika hewa ya kawaida, mchanganyiko ukiwa barabara na ukiwa umetulia, mwali wa propani, ambayo pamoja na butani ndiyo iliyo katika mitungi yetu ya kupikia, huungua kwa kasi ya takriban sentimita 40 kwa sekunde. Methani, ambayo ni sehemu kubwa ya gesi asilia na pia ya gesi ya samadi inayotumiwa na wafugaji katika baadhi ya maeneo ya mashambani, haiko mbali na kasi hiyo. Asetilini, gesi ya wachomeleaji wa vyuma, hufikia kama mita moja na nusu kwa sekunde. Hidrojeni hukaribia mita tatu kwa sekunde. Amonia nayo huburura miguu kwa sentimita saba hivi.

Kwa hivyo, kati ya amonia na hidrojeni pana tofauti ya takriban mara arubaini, japo zote mbili ni gesi zisizo na rangi na mtu wa kawaida hawezi kuzitofautisha kwa macho. Hidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, chembe zake husambaa upesi na hupitisha joto vizuri mno. Asetilini imefungwa kwa vifungo vinavyohifadhi nguvu nyingi ndani yake, na ikiguswa na moto huifungua hazina hiyo kwa ghafla. Amonia hutoa joto haba na chembe zake haziko tayari kuachana.

Kasi si kipimo pekee. Kila gesi ina mipaka yake ya kushika moto. Gesi ya kupikia huwaka ikiwa ni kati ya asilimia mbili na kumi hivi ya hewa iliyoizunguka. Ikiwa pungufu ya hapo haina nguvu ya kutosha kuendeleza mwali, na ikizidi hapo hewa haitoshi. Hidrojeni kwa upande wake huwaka kuanzia asilimia nne hadi 75. Hii ina maana kwamba hidrojeni iliyovuja ndani ya chumba ina nafasi kubwa zaidi ya kukutana na cheche ikiwa katika kiwango cha kuwaka.

Mtu anaweza kusema kuwa sentimita 40 kwa sekunde si kasi ya kutisha, kwani hata mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuishinda. Hapo ndipo penye mtego. Kasi hiyo ni ya mwali unaoingia katika mchanganyiko uliotulia. Hewa iliyoungua hupanuka mara saba au nane kwa sababu ya joto, na kama mwali umeanzia kwenye kona iliyofungwa, hewa hiyo husukuma utando wa moto mbele yake. Sentimita 40 zinageuka mita tatu kwa sekunde. Mwali ukikumbana na vitanda, kabati, kuta na vichochoro, hewa huvurugika, utando wa moto hukunjamana kama kitambaa, eneo lake la kuunguza huongezeka, na kasi hupanda zaidi. Katika mazingira yenye vizuizi vingi, kasi hiyo yaweza kufikia makumi na hata mamia ya mita kwa sekunde. Mahali penye mabati, kuta zilizobanana na njia nyembamba ndipo moto wa gesi unapopata mbio zake. Kwa maneno mengine, mpangilio wa mitaa yetu mingi ni kichocheo cha moto hata kabla ya cheche kuruka.

Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, makao ya maelfu ya familia za Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ili hewa ya chumba hicho kutoka sakafuni hadi paani ifikie kiwango cha chini cha kuwaka, inahitaji gesi isiyozidi kilo moja. Mtungi mdogo unaouzwa madukani una kilo sita. Isitoshe, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo haipandi na kutokea kwenye tundu la juu la ukuta, bali hulala sakafuni kama maji, ikitambaa chini ya mlango hadi kwa jirani mwenye jiko la makaa. Ndiyo maana hutiwa dawa yenye harufu kali. Harufu hiyo ndiyo onyo pekee ambalo aliyelala anaweza kulipata, na aliye katika usingizi mzito huenda asilipate.

KINGA YA PILI TUNAYOISAHAU

Ikiwa fueli hutajwa angalau katika ripoti za ajali, kioksidishaji husahaulika kabisa. Lakini nguvu yake ni kubwa ajabu. Hewa tunayovuta ina asilimia 21 tu ya oksijeni. Asilimia 78 ni naitrojeni, ambayo haiungui wala haiunguzi. Kazi yake katika moto ni kama ya mgeni asiyealikwa karamuni: haleti chochote, lakini anakula. Hufyonza joto ambalo lingeuharakisha mwali.

Iondoe naitrojeni, uache oksijeni tupu, na mambo hubadilika. Methani ambayo hewani ilikwenda chini ya sentimita 40 kwa sekunde, katika oksijeni hukaribia mita nne, yaani kama mara kumi. Hidrojeni hupanda kutoka mita tatu hadi kumi hivi. Asetilini pia huvuka mita kumi, na joto la mwali wake hufika karibu nyuzi 3,100 za selsiasi, ndiyo sababu huweza kuyeyusha chuma. Fueli ni ile ile. Kilichobadilika ni kinga ya pili.

Mpishi anayepepea jiko la makaa na mhunzi anayevuta mivukuto wanaijua nusu ya kanuni hii. Hawaongezi fueli hata punje, bali huifikishia fueli iliyopo oksijeni kwa wingi. Nusu ya pili ni kwamba oksijeni yenyewe haiwaki. Haina harufu, haina rangi, na mtu anaweza kusimama ndani yake bila kuhisi hatari yoyote hadi cheche ya kwanza itokee.

Wamarekani walijifunza hayo kwa machozi. Mnamo Januari 27, 1967, wanaanga Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikuwa wakifanya mazoezi ndani ya chombo cha Apollo 1, huko Florida, chombo kikiwa bado ardhini. Ndani mlijazwa oksijeni tupu kwa shinikizo lililozidi kidogo lile la hewa ya kawaida. Hitilafu ya umeme ilizua moto, na vitu ambavyo katika hewa ya kawaida vingeungua polepole vilishika moto kwa pamoja. Kabla ya nusu dakika kuisha, sauti zao zilikuwa zimekatika. Baada ya uchunguzi, shirika la NASA liliamua kwamba chombo kikiwa kwenye kituo cha kurushia, hewa ya ndani iwe na naitrojeni asilimia 40.

Mfano wa karibu zaidi na maisha yetu ni wa Aprili 24, 2021, katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, Iraq. Mitungi ya oksijeni ililipuka katika wadi iliyokuwa na wagonjwa wa Covid-19, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Nchini Kenya, janga hilo la Covid-19 lilizifanya hospitali nyingi za kaunti kujengewa mitambo ya oksijeni na kuongezewa mitungi. Hilo ni jambo la kupongezwa, kwani wapo waliokufa kwa kukosa pumzi. Lakini wadi yenye oksijeni inayovuja si wadi ya kawaida. Shuka, godoro na nguo ya mgonjwa hubadilika tabia. Kiberiti au jiko la umeme la kupashia chai, ambavyo kwingineko vingeleta kero ndogo, humo vinaweza kuleta maafa. Je, wahudumu wote, kuanzia wauguzi hadi wafagiaji, wamefundishwa hivyo?

PETROLI SI MAFUTA TAA

Kuna fumbo moja ambalo likieleweka laweza kuokoa maisha. Mvuke wa petroli na mvuke wa mafuta taa, vikichanganywa na hewa ipasavyo, huungua kwa kasi zinazokaribiana, ambazo hazitofautiani sana na ile ya gesi ya kupikia. Mbona basi petroli iliyomwagika huua umati, ilhali mafuta taa hukaa katika chupa jikoni mwaka baada ya mwaka?

Jibu ni kwamba mafuta hayaungui yakiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Mafuta taa huhitaji kupashwa hadi takriban nyuzi 38 juu ya sufuri au zaidi. Katika mchana wa kawaida, dimbwi la petroli tayari limefunikwa na blanketi la mvuke uliokwisha kuchanganyika na hewa. Kinga mbili zimekwisha kukutana. Kinachosubiriwa ni cheche. Ikitokea, mwali hukimbia juu ya dimbwi kwa mita moja au mbili kila sekunde, na pengine zaidi. Juu ya mafuta taa baridi, mwali hulazimika kuyapasha mafuta kwanza, na hivyo hutambaa kwa sentimita chache tu kwa sekunde.

Sasa turejee Sachangwan karibu na Molo, Januari 31, 2009. Lori la petroli lilipinduka, wananchi wakakusanyika kuchota, na moto ulipozuka zaidi ya watu 100 wakaangamia. Turejee mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi, Septemba 12, 2011, ambapo petroli iliyovuja kutoka kwa bomba iliingia mtaroni, wakazi wakaiendea kwa ndoo na mitungi, na kwa mara nyingine zaidi ya watu 100 wakafa. Majirani zetu Watanzania walipatwa na msiba kama huo mjini Morogoro mnamo Agosti 10, 2019, na idadi ya waliofariki ikafika mia moja na ushei.

Katika visa hivyo, wahasiriwa hawakuwa wajinga kama walivyodhihakiwa na baadhi ya watu. Walikuwa maskini, na wengi wao walikuwa wamezoea mafuta taa. Kwao mafuta yalikuwa mafuta. Walipima hatari ya petroli kwa kipimo cha taa ya kibatari, wakidhani kwamba moto ukitokea watauona na kuukimbia. Hawakuambiwa kwamba walikuwa wamesimama ndani ya moto ambao haujawashwa, kwani mvuke wa petroli ni mzito na hukaa kwenye mitaro na mabonde, mbali na mahali mafuta yenyewe yanapoonekana. Onyo la polisi la kupiga kelele kuwa watu waondoke halitoshi ikiwa aliyeonywa haelewi anachokikimbia.

Ujuzi huo unahitajika pia shuleni. Mnamo Machi 26, 2001, wanafunzi 67 wa shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, walifariki bwenini baada ya petroli kumwagwa na kuwashwa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Dhidi ya moto unaokimbia namna hiyo, mlango wa pili si starehe bali ni uhai, kwa sababu muda uliopo si wa dakika, ni wa sekunde.

FUNDI NA MTUNGI WAKE

Kundi jingine linaloishi na elimu hii kila siku bila kuipata darasani ni mafundi wa jua kali. Wapo wanaochomelea vyuma kwa asetilini wanayoitengeneza wenyewe, kwa kumwagia maji mawe ya kabaidi ndani ya pipa, kisha kuichanganya na oksijeni ya mtungi. Ni ubunifu unaolisha familia nyingi. Lakini fundi huyo ameshika mkononi fueli yenye kasi kubwa na kioksidishaji kilicho kikali kuliko hewa.

Mwali wa fundi husimama kwenye ncha ya kifaa chake kwa sababu gesi inatoka kwa kasi inayozidi au kulingana na ile ya mwali unaotaka kurudi ndani. Ni vuta nikuvute. Ncha ikiziba kwa masizi, au shinikizo likipungua pipani, mwali hushinda na kurudi nyuma kupitia mpira hadi kwenye chanzo. Hatari hii ni ndogo zaidi kwa jiko la gesi la kupikia, ambalo mwali wake ni wa mwendo wa taratibu. Kwa asetilini na oksijeni, fundi hana hata muda wa kufunga koki. Tena asetilini ina tabia ya kipekee: ikibanwa kwa shinikizo kubwa, inaweza kulipuka yenyewe hata bila chembe ya oksijeni. Ndiyo sababu viwanda huihifadhi ikiwa imeyeyushwa katika asetoni, ndani ya mitungi iliyojazwa kitu chenye vitundu vidogo vidogo.

Dawa ya mwali unaorudi ilijulikana zamani. Mnamo 1815, Mwingereza Humphry Davy alitengeneza taa ya wachimba migodi iliyozingirwa wavu mwembamba wa waya. Mwali ukipita kwenye matundu madogo hunyang'anywa joto na kufa. Vizuizi vya kisasa vinavyofungwa kwenye mipira ya gesi hutumia kanuni hiyo hiyo, vikisaidiwa na vali zinazoruhusu gesi kwenda upande mmoja tu. Hata hivyo, tundu linaloweza kuzima mwali wa propani, lenye upana wa milimita mbili hivi, halitauzima mwali wa hidrojeni, ambao hupenya hata kwenye nafasi isiyozidi milimita moja. Kila fueli ina kizuizi chake. Kinachouzwa kwa bei nafuu bila kujulikana kilitengenezewa gesi gani ni pambo tu.

KESHO YA HIDROJENI

Mjadala huu haupaswi kukomea kwenye yaliyopita. Mnamo Septemba 2023, wakati wa kongamano la Afrika kuhusu tabianchi jijini Nairobi, Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani, yaani ile inayotengenezwa kwa kutenganisha maji kwa umeme usiochafua mazingira. Nchi yenye mvuke wa Olkaria ina kila sababu ya kuwazia jambo hilo, hasa kwa kuwa hidrojeni hiyo huweza kugeuzwa amonia na hatimaye mbolea ambayo wakulima wetu huiagiza kwa bei ya kuumiza.

Lakini hidrojeni na amonia ni ncha mbili za kipimo tulichokitaja. Moja hukimbia kuliko gesi zote za kawaida, nyingine hutambaa. Kanuni zilizoandikwa kwa kuzingatia gesi ya kupikia haziwezi kuhamishiwa kwenye hidrojeni kwa kubadilisha jina tu kwenye karatasi. Umbali, vizuizi vya mwali, vifaa vya umeme na matundu ya hewa, vyote vinahitaji hesabu mpya. Na kuhusu amonia, asije mtu akatuambia kwamba kwa kuwa haiwaki kwa urahisi basi ni salama. Gesi hiyo ni sumu kwa mapafu na macho. Polepole katika moto si upole katika kila jambo.

Wapo watakaosema kwamba hoja hizi ni anasa kwa taifa ambalo bado lina mamilioni ya watu wanaopikia kuni na makaa, na kwamba masharti makali yatapandisha bei ya gesi na kuwarudisha akina mama kwenye moshi. Hoja hiyo ina uzito. Moshi wa jikoni nao unaua, tena bila kelele. Kadhalika, muuzaji mdogo hana ekari ya ardhi ya kutenganisha mitungi yake na makazi ya watu. Lakini jibu si kulegeza sheria za maumbile, kwa kuwa hazilegei. Jibu ni kutofautisha hatari. Duka lenye mitungi kumi iliyofungwa vyema si sawa na uga ambamo gesi huhamishwa kutoka lori hadi mitungi usiku wa manane. La kwanza laweza kuishi na jirani likisimamiwa. La pili haliwezi, hata likiwa na leseni ya dhahabu.

YANAYOWEZEKANA SASA

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za kuzima moto pamoja na mipango ya ardhi. EPRA nayo ina jukumu la kutoa leseni za gesi na petroli. Pengo lililo kati ya asasi hizi ndilo lililojidhihirisha Embakasi: mamlaka moja inakataa mara tatu, na biashara inaendelea. Jambo la kwanza, basi, ni kwamba kila ombi lililokataliwa litangazwe hadharani, kwa Kiswahili, kwenye ofisi ya chifu na ya kaunti, ili mkazi ajue kuwa uga ulio nyuma ya nyumba yake hauna ruhusa. Siri kama hiyo haimlindi mtu ila mvunja sheria.

La pili, umbali wa usalama uheshimiwe pande zote mbili. Si mara moja kituo hujengwa mahali palipo wazi kisha kaunti ikaidhinisha nyumba za kupangisha hadi ukutani mwake. Aliyetoa kibali cha nyumba hizo ana hatia sawa na aliyetoa kibali cha gesi.

La tatu, elimu. Masomo ya kemia katika shule zetu hufundisha kwamba moto unahitaji fueli, oksijeni na joto. Ni vyema, lakini hakutoshi. Mwanafunzi aondoke darasani akijua ni kwa nini petroli haisubiri, ni kwa nini gesi hulala sakafuni, na ni kwa nini oksijeni ya hospitali si hewa ya kawaida. Mafundi wa jua kali wafikiwe kwenye vibanda vyao, kwa lugha yao, na wasaidiwe kupata vizuizi halisi vya mwali badala ya kufukuzwa na askari wa jiji.

La nne, polisi na machifu wapewe mwongozo mmoja kuhusu lori la mafuta lililopinduka: kwanza zima injini na uondoe kila chanzo cha cheche, pili sogeza watu upande unakotoka upepo na mbali na mitaro, kisha ndipo uulize maswali mengine.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji uvumbuzi mpya. Yote yamejulikana kwa miongo mingi, na mengine kwa zaidi ya karne moja. Tumezoea kujiliwaza kwamba ajali haina kinga. Lakini ajali ambayo kasi yake imepimwa, umbali wake umehesabiwa na onyo lake limetolewa mara tatu kwa maandishi haistahili tena kuitwa ajali. Ni uamuzi wa mtu fulani, na gharama yake hulipwa na mwingine aliyekuwa amelala.